Swichi ya klachi na kupasha injini asubuhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niko Njombe, kazi yangu ni umeme wa magari. Kila ikiingia Juni, baridi inaposhuka na nyasi za mabondeni kuamka nyeupe, wateja huja na maombi mawili. Wa kwanza anasema: "Fundi, gari halipigi stata mpaka nikanyage klachi, niondolee hako kadude." Wa pili anauliza: "Nipashe injini dakika ngapi?" Zamani nilimjibu kila mmoja kivyake. Baadaye nikagundua kwamba mara nyingi ni mtu yuleyule. Anataka swichi iondolewe ili asubuhi apitishe mkono dirishani, awashe, arudi ndani kumalizia chai gari likijipasha lenyewe. Ndiyo maana majibu yote nimeyaweka mahali pamoja.

Swichi ya klachi ni kitu gani hasa, na iko wapi?

Ni swichi ndogo, urefu wake kama kidole gumba, imefungwa kwenye chuma kinachoshikilia pedali ya klachi. Lala chali kwenye sakafu ya gari upande wa dereva, washa tochi, mwambie mtu akanyage klachi kwa mkono. Utaona pedali ikifika mwisho inabonyeza kijiti kilichotokeza kwenye swichi. Kikibonyea, waya mbili zinaungana ndani na umeme unapita.

Njia ya umeme ni hii: betri, fyuzi, swichi ya funguo, swichi ya klachi, relei ya stata (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), halafu solenoidi inayosukuma gia ya stata ikamate meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Swichi ya klachi inabeba umeme mdogo tu wa kuamsha relei. Umeme mkubwa wa kuzungusha injini, ampea mia na zaidi, unapita kwenye ule waya mnene wa betri. Lakini yapo magari ya zamani ambayo hayana relei hapo katikati, na kwenye hayo swichi inabeba umeme wote wa solenoidi. Mtu akikuunganishia hapo kawaya kembamba ka spika, katayeyuka.

Angalia usichanganye. Magari mengi yana swichi mbili kwenye pedali hiyohiyo. Moja inaguswa pedali ikiwa juu, nayo inaiambia kompyuta ya gari kwamba klachi imeguswa. Nyingine inaguswa pedali ikifika chini, nayo ndiyo ya stata. Nimeshaletewa gari ambalo fundi aliunga waya za swichi ya juu, akashangaa stata bado kimya na mwendo wa injini umevurugika.

Mbona Hiace ya baba ilikuwa inawaka bila kukanyaga klachi?

Kwa sababu ni ya zamani. Japani ilianza kulazimisha mfumo huu kwenye magari mapya ya gia za mkono kuanzia Julai 1999, na magari yetu mengi yanatoka huko. Yaliyotengenezwa kabla ya hapo mengi yanawaka ukizungusha funguo tu, hata gia ikiwa ndani.

Wajapani wenyewe walinung'unika. Shule zao za udereva zilikuwa zikifundisha kwamba gari likizima juu ya reli, weka gia ya kwanza au rivasi, achia klachi, zungusha funguo, na stata italivuta gari taratibu mpaka litoke relini. Swichi ikaua mbinu hiyo. Lakini swichi inazuia gari kuruka na kugonga watu wakati wa kuwashwa, na mimi nadhani uamuzi ulikuwa sahihi.

Nakanyaga klachi mpaka chini, nazungusha funguo, kimya kabisa. Swichi imekufa?

Pengine haijafa. Kabla hujanunua kitu, pita hatua hizi kwa mpangilio, kwa sababu tatizo huwa rahisi kuliko unavyodhani.

Tazama taa za dashibodi unapozungusha funguo. Zikififia, au ukisikia "ka-ka-ka-ka" kwenye boneti, shida ni betri, vichwa vya betri au stata yenyewe. Achana na klachi. Zikibaki zinang'aa vilevile na hakuna mlio wowote, hapo ndipo swichi ya klachi inaingia kwenye orodha ya washukiwa, pamoja na fyuzi, relei, na mfumo wa kuzuia wizi kama taa yake inamweka.

Sasa inua mati. Nasema kweli. Mwaka jana mzee mmoja alivutwa na trekta kutoka shambani hadi gereji, Hilux yake haipigi stata. Nilipofungua mlango nikakuta kapeti la gari, juu yake mati ya raba, juu ya raba kipande cha zulia la sebuleni kilichokatwa kwa kisu, kazi ya mama mwenye nyumba ili miguu ya mzee isipate baridi. Pedali ilikuwa inagota kwenye zulia kabla ya kubonyeza swichi. Nilitoa zulia, akawasha. Hakuamini, akazima, akawasha tena mara tatu. Aliniuliza ananidai au namdai.

Kama mati haina kosa, pekua sakafuni chini ya pedali kwa vidole. Unatafuta vipande vya plastiki au raba iliyokauka, vinavunjika mkononi kama ganda la yai. Ukivipata, umepata ugonjwa. Kwenye magari mengi ya Kijapani mkono wa pedali una tundu, na tundu hilo limezibwa na kiplastiki kidogo mfano wa kifungo cha shati. Hicho ndicho kinachobonyeza swichi. Kikizeeka kinapasuka, kinadondoka, na kijiti cha swichi kinapenya kwenye tundu tupu bila kubonyezwa. Swichi ni nzima, waya ni nzima, kilichokosekana ni kifungo. Dawa ya muda ni boliti fupi yenye kichwa kipana, ipite kwenye tundu na ifungwe nati kwa nyuma. Dawa ya kudumu ni kununua kiplastiki kipya. Ugonjwa huu huu ukitokea upande wa breki, taa za nyuma zinawaka usiku kucha na asubuhi unakuta betri imelala.

Kifungo kipo? Basi chomoa soketi ya swichi, weka mita ya umeme kwenye ncha zake mbili, bonyeza kijiti kwa kidole. Mita ikilia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia, swichi iko sawa. Isipolia kabisa, hapo sasa imekufa.

Nimekwama usiku, swichi imegoma, na hakuna fundi. Nifanye nini?

Sukuma. Gari la gia za mkono halihitaji stata kama kuna watu watatu au mteremko, na kwetu huku mteremko haukosekani. Washa swichi ya funguo taa zitokee, kanyaga klachi, weka gia ya pili, gari likishika mwendo wa mtu anayekimbia, achia klachi kwa mkupuo kisha ikanyage tena mara injini inapoitika. Gia ya kwanza inakaba magurudumu, ndiyo maana tunatumia ya pili.

Ikishindikana, chomoa soketi ya swichi ya stata na uunge matundu yake mawili kwa kipande cha waya kwa muda huo tu. Fanya hivyo gari likiwa nyutro, breki ya mkono imepandishwa, wewe umekaa kwenye kiti na mguu uko kwenye breki. Ukifika, chomoa waya na urudishe soketi. Usiukate waya wa gari. Nimeona magari ambayo "kwa muda" ya mwaka 2016 bado imefungwa mkanda mweusi mpaka leo.

Kwa hiyo kuipiga dairekti, yaani kuunga waya zake moja kwa moja bila swichi, inawezekana. Mbona wewe hutaki kunifanyia?

Inawezekana, ni kazi ya dakika kumi. Niliifanya kwa miaka kadhaa bila kuuliza maswali, hata gari langu mwenyewe niliipiga dairekti.

Nilikuwa na pikapu ya zamani. Nyumbani pana mteremko, kwa hiyo kila jioni nilikuwa naegesha nikiacha gia ya kwanza ndani, kama tunavyofundishwa wote. Asubuhi moja ya Julai nimetoka na shuka mabegani, nikapitisha mkono dirishani ili niwashe gari lipate moto wakati navaa. Nilisahau gia. Stata ilipozunguka, gari lilipiga hatua moja, injini ikaitika palepale kwa sababu siku hiyo ilikuwa na afya kuliko siku zote, na pikapu ikaondoka. Mkono wangu ulikuwa bado ndani. Niliburutwa hatua nne au tano hivi, kisha ikagonga ukuta wa jiko la nje na kuzima. Matofali yalidondoka juu ya mafiga. Dakika mbili kabla yake mke wangu alikuwa amechuchumaa palepale akipuliza moto, ameingia ndani kufuata kiberiti.

Bega liliuma hadi Septemba. Swichi niliirudisha wiki hiyohiyo.

Fikiria jinsi ajali hii inavyopangika. Mwenye mteremko anaacha gia ndani, ni tabia nzuri. Mwenye baridi anawasha gari kutoka nje, ni tabia ya kawaida. Kitu pekee kinachozuia tabia hizo mbili zisikutane ni kile kijiti chini ya pedali, kwa sababu kinakulazimisha ukae kwenye kiti na unyooshe mguu. Ongeza hapo mtoto anayependa kuchezea funguo, au utingo aliyetumwa "kaniwashie gari", na utaelewa kwa nini mteja akiniomba siku hizi namuuliza kwanza usiku anaegesha vipi.

Nimesikia kukanyaga klachi wakati wa kuwasha kunakula injini. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, lakini umekuzwa. Ukikanyaga klachi, beringi ya klachi inasukuma springi za klachi, na msukumo huo unaishia kwenye krenki, ile shafti kuu ya injini, ambayo inaegemea washa za nusu mwezi zilizowekwa kuizuia isitembee mbele na nyuma. Asubuhi oili nyingi imeshuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo kwa sekunde moja au mbili washa hizo zinabeba mzigo zikiwa na utando mwembamba tu wa oili.

Marekani wenye Mitsubishi Eclipse za 1995 hadi 1999 zenye injini ya 4G63 walilipigia kelele sana jambo hili, kwa kuwa baadhi ya injini hizo krenki yake ilikuwa inalegea na kutembea. Wengi wao walipiga swichi dairekti kwa sababu hiyo. Wale waliofunga klachi ngumu za mashindano walikuwa na hoja zaidi. Kwa gari la kawaida lenye klachi ya kawaida, krenki haifi kwa kuwashwa. Inakufa kwa dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali kutoka Njombe hadi Makambako.

Halafu kuna upande wa pili ambao hausemwi. Oili ya giaboksi ikiwa ya baridi ni nzito kama asali. Ukiwasha ukiwa nyutro bila kukanyaga klachi, stata inazungusha injini pamoja na gia za giaboksi ndani ya asali hiyo. Ukikanyaga, unaitenga giaboksi na stata inabaki na injini peke yake. Wazee wa malori walikuwa wakikanyaga klachi asubuhi za baridi kabla hata swichi hizi hazijaletwa, kwa ajili ya kuihurumia betri.

Naendesha porini. Gari likizima katikati ya kilima nataka niwashe likiwa kwenye gia lisirudi nyuma.

Hili ndilo ombi ambalo huwa nalikubali. Toyota wenyewe waliliona, na baadhi ya pikapu zao za 4x4 kama Tacoma zimekuja na kitufe kwenye dashibodi cha kuizima kazi ya swichi ya klachi. Unakibonyeza ukiwa kilimani, unaweka gia ya chini kabisa, unazungusha funguo, na gari linapanda kwa nguvu ya stata mpaka injini iitike.

Gari lako lisipokuwa nacho, fundi anaweza kufunga kitufe cha namna hiyo sambamba na swichi, chenye waya wa unene unaofaa na fyuzi yake. Namaanisha kitufe cha kushikilia kwa kidole, kile kinachorudi chenyewe ukikiachia. Swichi ya kuwasha na kuzima kama ya taa ya ukutani utaisahau imewashwa, na tutakuwa tumerudi kwenye ukuta wa jiko langu.

Gari langu ni la kubonyeza kitufe. Ni kitu kilekile?

Wazo ni lile lile ila njia ni nyingine. Hapa swichi inatoa taarifa kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua kuamsha stata. Ukiunga waya moja kwa moja, kompyuta inaamini mguu uko chini muda wote. Unaweza kukuta kila ukibonyeza kitufe ili usikilize redio tu, injini inawaka. Taa ya injini nayo inaweza kutokea. Kwa magari haya badilisha swichi, usijaribu ujanja.

Na ile rimoti ya kuwasha gari ukiwa kitandani?

Kwenye otomatiki haina shida kubwa, kwa sababu stata haipati umeme mpaka gia iwe P au N. Kwenye gia za mkono, anayeifunga lazima aipite swichi ya klachi, hakuna namna nyingine. Mitambo iliyofikiriwa vizuri ina utaratibu wake: unaegesha nyutro, unapandisha breki ya mkono, unachomoa funguo injini ikiwa bado inanguruma, unashuka, unafunga milango, ndipo rimoti inazima injini. Mlango wowote ukifunguliwa baada ya hapo, rimoti inakataa kuwasha. Kama anayekufungia hajui utaratibu huu ni upi, asikufungie.

Haya, turudi kwenye baridi. Nipashe injini dakika ngapi?

Petroli yenye sindano za mafuta, yaani karibu magari yote madogo ya leo: nusu dakika hadi dakika moja. Washa, funga mkanda, futa kioo, ondoka. Kisha kilomita tatu nne za mwanzo endesha kwa upole, usivuke mizunguko 2,500 kama gari lina kipimo, usikanyage mafuta hadi chini.

Najua jibu hili linawaudhi waliozoea robo saa, kwa hiyo nieleze sababu. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta inasoma sensa ya joto la maji na kuongeza petroli, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi. Ndiyo maana ukiwasha asubuhi sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inakuwa juu, mizunguko 1,200 hadi 1,500, halafu inashuka taratibu hadi 700 au 800. Sehemu ya petroli hiyo ya ziada haiungui. Inateleza kwenye kuta za silinda, inaosha utando wa oili, na inaishia kwenye sampu. Dereva anayepasha robo saa kila asubuhi akidhani anailinda injini, anaiacha muda mrefu zaidi katika hali ile ile anayoiogopa. Gari likisimama halina mzigo, na injini isiyo na mzigo inapata joto polepole mno. Likitembea taratibu inapata joto upesi.

Tena giaboksi, difu, shokomzoba na matairi havipati moto hata kidogo gari likiwa limesimama. Hivyo vinahitaji mwendo.

Kwa upande wa pesa, injini ya cc 1500 ikinguruma bila kutembea inakunywa kama nusu lita hadi lita moja kwa saa, na ikiwa ya baridi inaelekea huko juu. Robo saa kila siku kwa siku 26 za kazi ni saa sita na nusu, yaani lita tatu hadi sita za kuangalia tu.

Lakini babu alikuwa dereva na alikuwa anapasha gari mpaka lipumue.

Babu alikuwa na kabureta na choki ya kuvuta kwa mkono. Kabureta haina kompyuta wala sensa. Ukiondoka injini ikiwa ya baridi inakohoa, inajikwaa, inazima katikati ya barabara. Alikuwa sahihi kwa gari lake.

Dizeli je?

Subiri taa ya koili (zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha) izime kabla ya kupiga stata, na asubuhi za Julai rudia hivyo mara mbili kabla hujawasha. Baada ya hapo dakika moja au mbili zinatosha, kisha mwendo wa pole. Dizeli ikiachwa inanguruma bila mzigo haipati moto hata ukiisubiri saa nzima, inatoa tu moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua. Yenye tabo usiivumishe mara tu inapowaka, maana oili inachelewa kidogo kufika kwenye beringi za tabo. Na ukitoka kupanda mlima na mzigo, iache ingurume dakika moja kabla ya kuzima.

Wengi hunipinga kwa kunionyesha malori. "Mbona Scania zinawashwa saa kumi na moja na kuondoka saa kumi na mbili kasoro?" Zile zinasubiri upepo. Breki zake ni za hewa, na mitungi ikiwa mitupu breki za nyuma zimejifunga zenyewe, gari haliwezi kuondoka hata likitaka. Dereva anaangalia mshale wa upepo, si wa joto.

Naendesha nusu saa nzima na mshale wa joto haufiki katikati. Baridi ya Makete ni kali kiasi hicho?

Hapana. Mtu ametoa thamostati.

Hii ni tabia ya mafundi wetu inayonikera kuliko zote. Gari linachemsha, fundi badala ya kutafuta kwa nini, anafungua thamostati anaitupa, "maji yapite vizuri." Dar es Salaam unaweza usitambue. Huku juu injini haifiki joto lake maisha yake yote. Thamostati nyingi za Toyota zimegongwa namba 82, maana yake inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Kabla ya hapo inayafungia maji ndani ya injini ili yapate moto upesi. Bila hiyo, maji yote ya rejeta yanazunguka tangu sekunde ya kwanza, kompyuta inaona injini ni ya baridi siku nzima, na inamwaga petroli ya asubuhi hadi jioni. Ukirudishiwa thamostati, utashangaa gari linavyopata moto kabla hujamaliza mtaa wa pili.

Magari kama Vitz hayana mshale, yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ikizima ndani ya dakika chache za mwendo, uko salama. Isipozima kabisa, soma aya iliyotangulia.

Na ukiwa hapohapo kwenye rejeta, toa maji ya bomba, weka kulanti. Maji matupu yakiganda yanatanuka na kupasua chuma, na asubuhi za Kitulo zinaganda.

Oili ina uhusiano gani na haya yote?

Mkubwa. Mtu anaweka 20W-50 au SAE 40 kwa sababu gari "limechoka", halafu analalamika stata inazunguka kizito asubuhi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotembea kwenye baridi, na ikiwa ndogo inatembea upesi. Kama kitabu cha gari kinasema 5W-30, hiyo ndiyo oili inayofika juu ya injini kabla hujamaliza kufunga mkanda. Kubadilisha oili kunaisaidia injini yako asubuhi kuliko dakika ishirini za kunguruma.

Bomba la moshi linadondosha maji na kutoa moshi mweupe. Niogope?

Maji ni ya kawaida. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, ambayo kwenye bomba la baridi yanageuka matone. Mvuke ukipotea injini ikipata moto, endelea na safari. Moshi mweupe ukiendelea hata gari likiwa moto, una harufu tamutamu, na maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni gasketi ya silinda hedi na usisubiri kesho.

Naweza kuwasha gari ndani ya banda wakati nafungua geti?

Fungua kwanza, toa gari nje, ndipo usubiri hiyo dakika yako. Moshi wa injini ya baridi una kaboni monoksaidi nyingi, na kile kichujio cha kusafisha moshi kwenye bomba hakifanyi kazi mpaka kipate moto mkali. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Banda lililoungana na nyumba linaipitisha chini ya mlango hadi chumbani kwa watoto.

Niko Dar, nyuzi 24 asubuhi. Haya yananihusu?

Ya swichi yanakuhusu. Ya kupasha, washa uondoke.

Kaka yangu yuko Kanada, anasema kule wanachomeka gari kwenye umeme.

Anasema kweli. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri wanafunga hita ndani ya bloku ya injini, na usiku waya wake unachomekwa ukutani kama wa simu. Asubuhi injini inaamka ikiwa na uvuguvugu. Ujerumani nako kuiacha injini ikinguruma bila sababu ni kosa barabarani, na kupasha gari asubuhi hakuhesabiki kuwa sababu. Ndugu aliyehamia huko karibuni asije akajulishwa hilo na jirani.

Nimenunua swichi mpya. Naweza kuifunga mwenyewe?

Unaweza, spana moja inatosha. Ondoa kichwa cha hasi cha betri, chomoa soketi, legeza nati ya kufungia, zungusha swichi itoke. Kabla hujaitoa hesabu nyuzi za skrubu zilizotokeza upande wa pili, mpya iweke hivyohivyo. Ukimaliza, gari likiwa nyutro na breki ya mkono juu, kanyaga klachi taratibu huku umeshikilia funguo kwenye stata. Stata inatakiwa iamke pedali ikiwa imebakiza kidogo kufika chini. Ikiamka mapema sana, klachi ikiwa bado inashika, rudisha swichi nyuma mzunguko mmoja, mbali na pedali, ujaribu tena. Kisha jaribu bila kukanyaga kabisa: inatakiwa iwe kimya.